Tofali la udongo, bloku ya kufungwa au ghorofa ya nguzo: ujenge nini Dodoma ukikumbuka tetemeko?

Mwaka juzi nilisimama kwenye kiwanja changu cha Nala, jua la saa nane likichoma, nikibishana na fundi juu ya nondo. Kuta zilikuwa kozi ya tatu. Kila kona zilisimama nondo nne nilizozipandisha tangu kwenye msingi, na yeye alikuwa ameshika msumeno tayari kuzikata, azitumie kwenye lenta, lile zege linalolala juu ya milango. "Mama, hela hizi unazimwaga," akaniambia huku akipangusa mwiko kwenye suruali. "Tetemeko Dodoma litoke wapi? Hapa si Bukoba."

Swali lake lilikuwa la haki, na wengi wanaojenga Ihumwa, Iyumbu, Mkonze na Msalato hawajawahi kuulizwa. Jibu ni kwamba linatoka Bonde la Ufa. Tawi la mashariki la bonde hilo linashuka kutoka Natron na Manyara, linaingia Kondoa na Chemba, likifika Bahi limeshagawanyika nyufa nyingi ndogo ndogo ambazo wanajiolojia wamezipa majina ya huku huku: Bubu, Mponde, Hombolo. Tarehe 4 Novemba 2002 ardhi ya mkoa huu ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 5.5, na walioishi mjini wakati huo bado wanalisimulia. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, inayofuatilia mitikisiko ya nchi nzima, ofisi zake ziko hapa hapa mjini, hivyo hata kwa kuuliza hatuko mbali.

Sitii chumvi. Dodoma si Port-au-Prince wala Kathmandu. Lakini mji ulioamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na ukakaa miaka arobaini ukisubiri, tangu 2016 umejengwa kwa haraka ya ajabu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya Jiji. Nyumba nyingi kati ya hizi mpya hazijawahi kuonja hata mtikisiko mdogo.

Kwa hiyo hapa naweka mezani njia tatu ambazo mtu wa kawaida anazichagua akishapata kiwanja: nyumba ya matofali ya udongo (mabichi au ya kuchoma), nyumba ya bloku iliyofungwa kwa nguzo nyembamba na lenta, na ghorofa ya nguzo na bimu, yaani mihimili ya zege inayolala juu ya nguzo. Mwishoni nitasema machache kuhusu wenye nyumba tayari.

Tunapima kwa mizani gani

Cha kwanza, na ndicho kizito, ni nyumba inafanya nini ikitikiswa. Tetemeko husukuma nyumba kwa ubavu, kulia na kushoto, wakati sisi tumeijenga ibebe uzito wa kwenda chini. Kadiri kitu kilivyo kizito ndivyo kinavyosukumwa kwa nguvu zaidi, na uzito ulioko juu kichwani ndio wa kuogopwa kuliko wote. Halafu kuna viungo: kona, mahali ukuta unapokutana na ukuta, mahali kenchi, zile mbao zinazobeba paa, inapokalia ukuta. Nyumba nyingi huanza kuachana hapo.

Cha pili ni fundi na mfuko. Sisi hatujengi kwa mkupuo. Tunajenga msingi mwaka huu, kuta mwakani, bati Mungu akijalia. Njia inayodai zege yote imwagwe siku moja chini ya mhandisi ni njia nzuri, lakini lazima ipimwe na hali hiyo.

Cha tatu: ikishapasuka, inatengenezeka? Watu husahau hili. Tetemeko likipita kuna wiki, pengine miaka, za kuamua nani arudi ndani na nani alale nje.

Cha nne ni nani inamfaa. Na kwa Dodoma naongeza jambo linalogusa njia zote tatu: udongo wa mbuga na chumvi. Udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, na ardhi laini ya namna hiyo hutikisika zaidi kuliko mwamba. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Ukichanganyia zege lenye nondo, unapanda kutu ndani ya nguzo yako.

Miji miwili iliyokwisha kufanya mtihani

Januari 12, 2010, saa kumi na dakika 53 jioni, tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti. Kitovu kilikuwa karibu na Léogâne, kama kilomita 25 magharibi ya Port-au-Prince. Makadirio ya waliofariki yanatofautiana vibaya, kuanzia laki moja hadi zaidi ya laki tatu, na takriban watu milioni moja na nusu walibaki bila makazi. Ikulu ililala. Kanisa kuu lilianguka, na makao ya Umoja wa Mataifa pia. Waliotakiwa kuongoza uokoaji wakawa wenyewe ni wa kuokolewa. Mimi, mtumishi niliyehamishwa kuja Dodoma, nikiangalia wizara zilivyopangwa pamoja pale Mtumba, jambo hilo hunirudia mara kwa mara.

Kilichowaua zaidi watu wa Port-au-Prince kilikuwa zege bovu. Haiti ni nchi ya vimbunga, na watu walikuwa wameshajifunza kwamba upepo hung'oa bati. Wakaweka paa za zege. Juu ya nini? Juu ya kuta za bloku zilizofyatuliwa uani kwa saruji kiduchu, zenye nondo laini zisizo na mistari, na kona zisizoshikana. Walijikinga na adui mmoja, wakamfungulia mlango mwingine. Wiki sita baadaye, Februari 27, Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, ambalo nishati yake ni kama mara 500 ya lile la Haiti. Waliokufa hawakufika 600. Ni kweli kwamba kitovu cha Chile kilikuwa baharini na cha Haiti kilikuwa mlangoni kwa watu, hivyo si haki kuyalinganisha sawasawa, lakini nyumba za kawaida za Chile zilikuwa na kitu ambacho nitakirudia: zilikuwa zimefungwa.

Kathmandu ilikuwa Jumamosi, Aprili 25, 2015, kabla kidogo ya saa sita mchana. Ukubwa 7.8. Karibu watu 9,000 walikufa nchini Nepal. Mnara wa Dharahara uliporomoka katikati ya mji, na nyumba za kale za matofali na tope zilimwagika. Huko vijijini, Gorkha na Sindhupalchok, nyumba za mawe na tope zililala karibu zote. Shule zilikuwa zimefungwa kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku yao ya mapumziko, na hilo peke yake liliokoa watoto wasiohesabika.

Sasa turudi nyumbani.

1. Nyumba ya matofali ya udongo

*Ikitikiswa.* Tofali la udongo ni zito na halipendi kuvutwa. Ukilijenga kwa tope, ukuta ni rundo lililosimama kwa mazoea tu. Kona huachana kwanza, kisha ukuta mrefu hulala nje mzima mzima, na gebo, ile pembe tatu ya juu inayobeba mwisho wa paa, huanguka kabla ya vyote. Bukoba, mchana wa Jumamosi Septemba 10, 2016, tetemeko la 5.9 lilitosha kuangusha mamia ya nyumba za aina hii na kuua zaidi ya watu 15. Hatuhitaji tetemeko la Haiti kufika huko.

Ila kuna nafuu moja kubwa: bati. Paa la bati ni jepesi, na ukuta ukianguka nje, bati hubaki limening'inia juu ya kenchi badala ya kumfunika mtu. Ndiyo maana nyumba ya udongo ya chumba kimoja au viwili, kuta fupi, milango isiyo karibu na kona, inaweza kumpa mtu nafasi ya kutoka.

Hapa niseme kidogo kuhusu tembe. Babu zetu Wagogo waliweka udongo juu ya paa, uzito mtupu, na kwa hesabu niliyoitoa hapo juu lingekuwa jambo la hatari. Lakini ule uzito haukukaa juu ya ukuta. Ulikaa juu ya nguzo za miti zenye panda, ukuta wa fito na udongo ukawa wa kuziba tu. Na tembe ni fupi, unaingia umeinama. Sisemi turudi kulala kwenye tembe. Nasema aliyeibuni alijua nini kinabeba nini, na hilo wengi wetu tunaojenga "kisasa" hatulijui.

*Fundi na mfuko.* Hakuna ya kushindana nayo kwa bei. Udongo uko kiwanjani, fundi yuko mtaani. Matofali ya kuchoma ni imara kuliko mabichi mvua ikinyesha, lakini yanakula kuni, na kuni Dodoma ni kilio. Ukiweza kununua saruji chache tu, usizimalizie kwenye ripu ya kupendezesha. Zipeleke kwenye kozi za kona na kwenye mkanda mmoja wa kuzunguka nyumba juu ya madirisha. Hata mkanda wa mbao uliofungwa kwenye kona kwa misumari ni bora kuliko ukuta usio na mkanda.

*Ikipasuka.* Ufa wa kwenye kona ulio wazi toka juu hadi chini hauzibwi kwa ripu. Ukuta huo umeshaachana na mwenzake. Uzuri ni kwamba kuubomoa na kuuinua tena ni kazi ya wiki, tena kwa udongo ule ule.

*Inamfaa nani.* Mwenye kipato kidogo, mwenye kiwanja kikavu chenye udongo mwekundu, anayejenga chumba kimoja kimoja na yuko tayari kuweka mkanda. Haimfai anayetaka kuta za futi 11 na sebule pana isiyo na ukuta wa kati.

2. Nyumba ya bloku iliyofungwa

Hii ndiyo niliyojenga, kwa hiyo mnisamehe nikikaa hapa muda mrefu.

Nyumba ya bloku ya kawaida Dodoma ni kuta za bloku, vipande vya lenta, kenchi, bati. Iliyofungwa ina mambo mawili zaidi. Lenta inazunguka nyumba yote bila kukatika, kama mshipi wa kiunoni. Na kwenye kila kona, kila kuta zinapokutana, na pembeni mwa uwazi mkubwa, kuna nguzo nyembamba ya zege yenye nondo nne. Siri iko kwenye mpangilio wa kazi: ukuta unajengwa kwanza, ukiachwa na meno ubavuni, ndipo zege la nguzo linamwagwa likiingia ndani ya yale meno. Ukuta na nguzo vinakuwa mwili mmoja. Fundi aliyezoea ghorofa atataka kusimamisha nguzo kwanza halafu ajaze bloku katikati. Mzuie, kwa sababu huo ni ujenzi mwingine kabisa, na nguzo nyembamba haziuwezi.

*Ikitikiswa.* Ukuta unapasuka, ndiyo, mara nyingi kwa alama ya X katikati ya madirisha. Lakini vipande vinabaki vimekumbatiwa na nguzo na lenta. Ndivyo nyumba nyingi za watu wa kawaida Chile zilivyosimama mwaka 2010, na ndivyo zinavyojengwa Peru na Mexico pia.

Yote hayo yanaharibika bloku ikiwa mbovu, na hapa ndipo Port-au-Prince inapotufanana kupita kiasi. Nilipita kwa wafyatuaji watatu kabla ya kununua. Mmoja alijisifu kwamba mfuko mmoja wa saruji unamtolea bloku 50. Niliinua moja hadi usawa wa goti nikaiachia. Haikuvunjika, ilimwagika. Nilibaki na mchanga miguuni na yeye akinitazama kana kwamba nimemtukana. Kwa mwingine bloku iliangukia kona, ikakatika pembe, iliyobaki ikawa nzima. Nikanunua hizo, ghali zaidi, na nikalipa kijana wa kuzimwagilia maji asubuhi na jioni. Dodoma na upepo wake, bloku isiyomwagiliwa inakauka kabla saruji haijashika.

*Fundi na mfuko.* Fundi wa mtaani anaiweza akieleweshwa siku moja na akasimamiwa wiki ya kwanza. Kazi ngumu ni ringi. Ringi ni zile pete zinazozikumbatia nondo za nguzo, na fundi wangu alizikunja ncha kwa pembe mraba, akaziachia hapo. Tetemeko likija, zege la nje hupukutika na ringi kama hiyo hufunguka kama mkanda usio na tundu. Ncha zinatakiwa zikunjwe zaidi, ziingie ndani kwenye moyo wa nguzo. Kazi ya dakika mbili kwa kila moja. Jambo la pili ni kona ya lenta: nondo ya ukuta mmoja ikate kona na kuingia ukuta wa pili, isiishie pale pale. Mambo haya mawili nilisimama kuyaangalia mwenyewe, kiti cha plastiki chini ya mwembe wa jirani.

Gharama? Hesabu yangu ya nondo, saruji na kokoto za ziada haikufika bei ya geti la chuma nililokuja kuweka baadaye. Tena inajengeka kidogo kidogo. Ukiishiwa kwenye kozi ya sita, nondo zinasubiri. Zipake saruji ya majimaji au uzifunike zisile kutu.

Onyo moja, maana naliona kila ninapopita Ilazo na Kisasa: paa la kuficha. Ule ukuta unaopanda juu ya lenta kuficha bati ni mzuri kwa picha. Ukitikiswa, ni safu ya bloku iliyosimama peke yake juu ya vichwa vya watu, tena juu ya mlango ambao wote watakuwa wanaukimbilia. Ukiupenda, nguzo zako zisiishie kwenye lenta. Zipande hadi juu na huko zifungwe kwa mkanda mwembamba.

*Ikipasuka.* Hii ndiyo inayotengenezeka vizuri kuliko zote. Ufa wa X ndani ya ukuta uliofungwa unaweza kusafishwa, kujazwa na kufunikwa nyavu za chuma na ripu ya saruji. Ufa ukipita kwenye nguzo yenyewe, mwite mhandisi. Na usichanganye na nyufa za mbuga: zile hufunguka kiangazi na kujifunga masika, na kwa kawaida huanzia chini.

*Inamfaa nani.* Familia inayojenga nyumba ya chini, kwa mishahara na mikopo ya kikundi, yenye mtu wa kufika saiti. Haimfai anayejenga kwa simu akiwa Dar es Salaam au Muscat, kwa sababu kila kinachoiokoa kinafichwa ndani ya zege na picha za simu hazikionyeshi.

3. Ghorofa ya nguzo na bimu

*Ikitikiswa.* Ikisanifiwa na kusimamiwa sawasawa, hakuna inayoishinda. Kathmandu majengo mengi ya aina hii yalibaki yamesimama, ingawa ni haki kusema kwamba mtikisiko wa bondeni siku hiyo haukuwa mkali kwa majengo mafupi kama ilivyohofiwa. Ikijengwa kienyeji, hakuna inayoua kama hiyo. Sakafu za zege hulaliana kama chapati, na humo ndani hapabaki nafasi ya mtu.

Udhaifu wake mkubwa uko chini. Sisi tukisema "fremu" Dodoma tunamaanisha chumba cha duka, na hapo ndipo penye balaa: ghorofa nyingi za barabarani zina fremu chini, zimeachwa wazi bila kuta ili zipangishwe, na juu kuna vyumba vimejaa kuta. Jengo linakuwa kama meza nzito yenye miguu myembamba. Tetemeko likisukuma, juu hapapindi, chini ndiko kunakovunjika, na ghorofa nzima inakaa chini.

*Fundi na mfuko.* Hii si ya fundi peke yake. Inadai michoro ya mhandisi aliyesajiliwa, kupimwa udongo, kibali cha Jiji, na zege la nguzo na bimu linalopimwa. Usiongeze ghorofa ya tatu kwa sababu nondo zilibaki zimechomoza juu. Jengo la Kariakoo lililoanguka Novemba 16, 2024 halikusubiri tetemeko lolote.

*Ikipasuka.* Ukuta wa kujazia ukipasuka, si kitu kikubwa. Pale nguzo inapokutana na bimu pakipasuka, toka nje, usirudi kuchukua hata kitambulisho. Baada ya tetemeko Haiti wahandisi walipita nyumba kwa nyumba wakizipaka alama: kijani ingia, njano tengeneza kwanza, nyekundu hatari. Watu wengi walirudi kwenye za njano na nyekundu kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Kutengeneza kiungo cha zege ni kazi ya kitaalamu na ya fedha nyingi.

*Inamfaa nani.* Mwenye kiwanja kidogo mjini na mtaji kamili, si nusu, anayeweza kumlipa mhandisi hadi mwisho.

Na walio na nyumba tayari?

Kujenga upya si lazima. Shule kadhaa za bonde la Kathmandu zilizokuwa zimeimarishwa kabla ya 2015 zilisimama. Kwa nyumba ya chini ya huku, kazi ni nne: kubomoa gebo zito na kuweka la bati au mbao, kufunga kenchi kwenye ukuta kwa waya au vyuma, kuzungushia kuta mkanda wa nyavu za chuma uliopigwa ripu ndani na nje, na kuziba dirisha lililo jirani mno na kona. Fundi wa kawaida anaimaliza ndani ya mwezi.

Nepal walitumia akili moja ninayoipenda katika kujenga upya. Kila familia iliyostahili ilipewa ruzuku ya rupia 300,000 kwa awamu tatu: 50,000 za kuanzia, 150,000 msingi ukishakaguliwa, 100,000 za mwisho kuta zikishafika juu na mikanda yake. Hela ilifuata mkanda. Wewe unayemlipa fundi unaweza kufanya hivyo hivyo: lipa ukishaona ringi kabla zege halijamwagwa.

Kwa hali yako

Kiwanja chako kiko kwenye mbuga nyeusi: kabla ya kuchagua kati ya hizi tatu, weka fedha kwenye msingi, chimba mpaka upite udongo unaovimba au uuondoe ujaze moramu, kile kifusi kigumu cha changarawe. Baada ya hapo bloku ya kufungwa ndiyo itakayokusumbua kidogo zaidi, ya udongo itapasuka kila mwaka hata bila tetemeko.

Una fedha za vyumba viwili tu na watoto wako kwenye nyumba ya kupanga: jenga ya udongo, fupi, bati juu, mkanda mmoja wa saruji, mlango mbali na kona. Usisubiri miaka kumi ya bloku.

Una mkopo wa kazini na muda wa kufika saiti Jumamosi: bloku ya kufungwa. Huna muda wa kufika: mlipe mtu wa kufika, au punguza chumba kimoja umlipe.

Unataka fremu chini na wapangaji juu: ghorofa, lakini mwambie mhandisi mapema kwamba chini kutakuwa wazi, aweke kuta za zege au nguzo nene za kufidia. Akikuambia haina haja, tafuta mwingine.

Nyumba ya urithi kijijini, Chamwino au Kongwa, wazee hawataki ibomolewe: funga kenchi, shusha gebo, weka mkanda wa nyavu kwenye chumba wanacholala wao kwanza.

Umepanga na huna usemi juu ya ukuta: tembea usiku mmoja ndani ya chumba chako na tochi. Angalia nini kiko juu ya kitanda. Kama ni gebo la matofali au kabati lisilofungwa, sogeza kitanda upande wa pili, weka viatu na tochi chini yake, na namba 114 ya Zimamoto iwe kwenye simu. Ardhi ikitikisika, jikinge chini ya meza imara na ushike mguu wake mpaka itulie, halafu ndipo utoke. Na ukitoka, usisimame chini ya ukuta wa paa la kuficha.

Fundi wangu, kwa taarifa yenu, hakuzikata zile nondo. Mwezi uliopita alinipigia kuuliza ringi zinakunjwaje, ana kazi ya mteja Ntyuka.